Re: Layazi (kuku wa mayai) wa wiki 30 mayai madogo, nipandishe protini hadi 20%?

Habari mkuu. Kwa hiyo trei zimepungua, mayai yamekuwa madogo, na jirani kakwambia uchanganye chakula cha protini 20%. Mi nisingeanza huko. Layazi wa umri huo protini ya 16 mpaka 18% inamtosha, 20 hiyo ni ya vifaranga, ukiwapa wakubwa unachoma hela tu na banda linanuka amonia maana ziada yote inatokea kwenye kinyesi.

Cheki kwanza wanakula kiasi gani. Pima chakula asubuhi, kesho yake pima kilichobaki, gawa kwa idadi ya kuku. Inatakiwa iwe kama gramu 110 hadi 120 kila mmoja. Akila 110 ya chakula cha 17% anapata karibu gramu 19 za protini, ila joto likimbana akala 90 anapata 15 tu, hapo ndo kupandisha kidogo hadi 18 kuna maana, na maji ya baridi muda wote.

Halafu umesema unaongezea pumba ili gunia lifike mwisho wa wiki, aisee hapo ndo pa kuangalia sana! Pumba ina protini kama 10%, ukichanganya nusu kwa nusu na hicho cha 17 unabaki na 13 na nusu.

Kama dagaa wa kuongezea protini unanunua wa kusaga, weka kijiko kwenye glasi ya maji ukoroge, mchanga unazama chini utauona mwenyewe. Kuna wauzaji wanakuuzia ufukwe. Na soya usiwape mbichi, ikaange kwanza.