Kidole Kinasema 98, Vena Inasema 54

Usiku mmoja nilipokea mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 98, presha haikuwa mbaya, moyo wangu ukatulia. Tulipochota damu kwenye katheta, ule mrija wa mshipani, ya shingoni, oksijeni ya vena, yaani ya damu inayorudi moyoni, ikaja asilimia 54. Tangu usiku ule sikiamini kidole peke yake, na wewe unayehudumia mahututi nakusihi usikiamini.

Kidole kinakueleza damu imebeba oksijeni kiasi gani ilipotoka mapafuni. Kama mzigo huo umetosha, hakijui. Hilo utaliona kwenye damu inayorudi moyoni. Mwili uliotulia huchukua takribani robo tu ya oksijeni unayoletewa, hivyo inayorudi huwa kama asilimia 70 hadi 75. Ikishuka sana, ujue viungo vimeanza kukomba akiba.

Namba ikiwa ndogo, usikimbilie dawa. Jiulize: moyo unasukuma damu ya kutosha? Hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, iko ngapi? Mapafu yanafanya kazi? Halafu lile linalosahaulika kila siku: je, mwili unatumia oksijeni kupita kiasi? Nilipomfunua shuka mgonjwa wangu, nilikuta misuli ya mapaja inachezacheza na meno yameuma paipu ya kupumulia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, kimyakimya. Tukampasha joto, daktari akaongeza dawa ya maumivu, na baada ya saa moja hivi tukapata 67 bila kuongeza dawa ya kupandisha presha hata tone.

Uchotaji nao una mambo yake. Ncha ya katheta iwe kwenye vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaoingiza damu moyoni, na eksirei ithibitishe hivyo. Damu ya katheta ya kinena usiilinganishe na hiyo. Simamisha dripu, lakini njia ya katheta inayopitisha dawa ya kupandisha presha usiiguse kabisa, chotea kwenye njia nyingine. Mwaga damu ya kwanza iliyochanganyika na maji, vuta polepole, toa kiputo cha hewa papo hapo, kwa sababu hewa ile huipandisha namba ikakudanganya. Kisha sirinji iende mashineni bila kungoja.

Namba kubwa nayo isikufurahishe haraka. Asilimia 85 kwa mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyovuruga viungo vya mwili, yaweza kumaanisha seli zimeshindwa kuitumia oksijeni iliyofika. Pima laktati, kitu kinachopanda kwenye damu seli zisipopata au zisipoweza kutumia oksijeni.

Wapo wanaosema kipimo hiki kimepitwa na wakati. Mwaka 2001 utafiti wa daktari Emanuel Rivers uliwafanya wengi waifukuzie 70 kwa kila mgonjwa wa sepsisi; mwaka 2014 na 2015 tafiti tatu kubwa, ProCESS, ARISE na ProMISe, hazikuona kwamba utaratibu huo unapunguza vifo. Nakubali. Lakini wagonjwa wengi wa tafiti hizo walikuwa tayari wanakaribia 70 walipoingia. Kilichoshindwa ni kuifukuzia namba kwa kila mtu. Kumuuliza mgonjwa mmoja aliye mbele yako kwa nini yake imeshuka ni jambo jingine kabisa.

Mimi huiandika kwenye chati pamoja na laktati, hemoglobini na joto la mwili la saa ileile, ili anayenipokea zamu asione 54 tupu, aone na ule mtetemo uliokuwa chini ya shuka.