Pijo la marehemu baba lina tundu moja tu la spika

SWALI: Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Nyakato, hapa Mwanza. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1976, rangi ya maziwa, na mpaka leo inawaka ukigusa funguo mara moja tu. Redio yake ni ile ya vibonyezo vitano, inashika AM peke yake. Spika ni moja, ya umbo la yai, imefungwa kwenye kibao cha nyuma chini ya kioo, na sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya debe. Kaka yangu anataka tutoboe milango yote minne tuweke spika za kisasa, halafu sabufa kwenye buti. Mama kasema siku tutakayotoboa gari la mumewe, yeye atapanda daladala. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na mwambie fundi wa gazetini yuko upande wake.

Nina sababu. Mwaka niliofungua kibanda changu Igogo, mzee mmoja aliniletea Volkswagen ya mgongo wa kobe, safi, ubao wa milango bado una ngozi yake ya kiwandani. Nilikuwa kijana, nimetoka kununua msumeno wa umeme, na mkono unaniwasha. Nikakata matundu ya inchi 6, mviringo kama sahani, nikafunga spika, muziki ukapiga kweli. Mzee akalipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akakaa kwenye siti, mlango wazi, akawa anapapasa ukingo wa lile tundu kwa kidole gumba, taratibu, huku na huku. Hakusema neno. Hakurudi tena kwangu, hata kwa fyuzi.

Tangu hapo gari la zamani nalifanyia kazi kwa sharti moja: ninachokiingiza lazima kiweze kutoka kwa bisibisi, na gari libaki kama nilivyolikuta. Na gari lenu si la kuchezea. 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1975, ikashinda tena 1978 kwa umbo la kupe (ya milango miwili) yenye injini ya V6. Wenye umri wangu tukiiona barabarani bado tunageuza shingo.

Tuanze na redio. Iacheni palepale. Nguvu yake ni wati chache tu, haitaweza kusukuma spika mpya, kwa hiyo muziki utoke kwingine: tafuteni amplifaya ndogo ya njia nne (inayolisha spika nne, kila moja kwa njia yake) yenye Bluetooth, zile bapa zenye ukubwa wa kitabu cha hesabu. Ikae chini ya siti ya abiria, juu ya kipande cha plaiwudi kilichofungwa kwa mikanda kwenye reli za siti. Hakuna kutoboa sakafu, maana kila tundu la skrubu sakafuni, kwa unyevu huu wa ziwa letu, ni mahali pa kutu kuanzia. Nyimbo zinakaa kwenye simu, simu inakaa mfukoni, na anayechungulia dirishani anaona dashibodi ya 1976 na vibonyezo vyake vitano.

Spika ya zamani msiitupe. Ihamishieni chini ya dashibodi, ifungwe kwa kamba za plastiki, ibaki kwenye redio ya baba. Usiku AM hufika kutoka mbali sana. Huenda mama akapenda kuisikiliza mkirudi safari.

Sasa lile tundu la yai, ambalo ndilo mali yenu. Kaka yako anafikiri tatizo ni kwamba tundu ni moja. Zipo spika zenye koili mbili (misokoto ya waya inayoitikisa karatasi ya spika) kwenye sumaku moja, zimetengenezwa mahsusi kwa magari kama hayo: koili moja inachukua upande wa kushoto, nyingine wa kulia, zote zinasukuma karatasi ileile. Pimeni tundu kwanza. Mengi ya umbo hilo ni inchi 6 kwa 9. Spika hiyo haipatikani kila duka, itabidi kuagiza. Ikikosekana, wekeni ya kawaida na muunganishe njia mbili za nyuma ziwe moja, kama kitabu cha amplifaya kinaruhusu. Sauti ya nyuma ikiwa ya upande mmoja haina ubaya, kwa sababu masikio yenu yanatazama mbele.

Wavu wa zamani urudi juu yake. Kama mtaufunika kwa kitambaa, kiwekeni mdomoni mpulize: pumzi ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Ngozi ya plastiki inaziba, hata iwe nyembamba namna gani.

Kwa mbele, tengenezeni viboksi viwili vya plaiwudi ya milimita 12, kila kimoja ujazo wake kama dumu la lita 5, vikae pale miguuni, ubavuni karibu na bawaba za mlango. Kila kiboksi kina spika ya inchi 4 au 5. Vivisheni zulia la rangi ileile ya sakafu na vishikwe na skrubu zilizokuwapo tayari. Cha upande wa dereva kijaribuni gari likiwa limezimwa: kanyaga mafuta mpaka mwisho, breki mpaka mwisho, klachi mpaka mwisho. Kiatu kikigusa kiboksi hata kidogo, kipunguzeni. Muziki hauna haki ya kugombania nafasi na breki.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo nivumilie. Mteja akija kibandani kwangu analalamika spika mpya haina besi, namfanyia mchezo mmoja. Naishika spika tupu mkononi, nawasha muziki: inalia kama redio ya mbao iliyokwisha betri. Kisha nachukua katoni ya sabuni, nakata tundu, naikalisha spika juu ya tundu na kuibana kwa kiganja. Besi inashuka palepale, na mteja anatazama chini ya meza akidhani nimeficha sabufa. Sijaficha kitu. Karatasi ya spika ikienda mbele inasukuma hewa mbele, na papo hapo inavuta hewa nyuma. Hewa ya mbele ikipata upenyo wa kuzunguka ikutane na ya nyuma, zinauana, na zinazokufa kwanza ni sauti nzito. Kazi ya katoni ni kuzitenganisha tu.

Ndiyo maana kibao chenu cha nyuma, ambacho kwa umri huo kimeshapinda na kuachia, kinaongea kama debe. Kazeni kibao chenyewe kwanza. Chini yake bandikeni plaiwudi ya ukubwa uleule yenye tundu la yai, spika ifungwe kwenye plaiwudi, na ukingo wake uwe na sponji ya kuziba upenyo. Mkifanya hivyo tu, hata spika ya bei ya kawaida itawashangaza. Kabla ya kusukuma skrubu yoyote, ingizeni kichwa kwenye buti na tochi muone kilichoko upande wa pili. Magari mengi ya zamani yana tangi la mafuta karibu na mgongo wa siti ya nyuma.

Mkifika dukani, msisome wati zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Nimeona boksi limeandikwa wati 1000 na spika ndani yake ina sumaku kama kifuniko cha soda. Ulizeni usikivu wa spika, ule unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja. Yenye 90 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye 84 ili zitoe sauti sawa, na nyinyi nguvu mnayo kidogo. Amplifaya ya wati 40 mara nne ikipigishwa mpaka mwisho inaweza kuvuta ampia 15 hivi. Ongezeni taa kubwa na wipa siku ya mvua, altaneta ya enzi zile itaanza kuhema. Sabufa ya kaka yako waachie wenye baa za Kirumba.

Waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri, milimita 6 za mraba, na fyuzi ya ampia 20 iwe ndani ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi ikiwa mwisho wa waya, karibu na amplifaya, inalinda amplifaya tu. Waya ukichunika njiani unawaka moto na fyuzi inatazama. Ukutani mwa injini upitisheni kwenye tundu lenye raba ambalo tayari linapitisha waya za zamani. Na mnaponunua waya huo, ombeni kipande, kwangueni uzi mmoja kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: rudisheni, hata muuzaji akiapa.

Mwisho wa kazi, chukueni betri ya redio ya volti 1.5 na muiguse kwenye miguu ya kila spika, chanya kwa chanya. Karatasi zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani wakati mwenzake anatoka, waya zimegeuzwa, na mtakaa wiki nzima mkilaumu spika nzuri.

SWALI: Fundi, niko Nansio, Ukerewe. Nina Toyota Corolla ya miaka ya 1970 yenye spika zake za asili. Pembeni, ile sponji inayozunguka karatasi imekuwa kama unga, ukiigusa inabaki kidoleni. Fundi wa hapa anasema nitupe. Nitupe?

JIBU: Usitupe. Sponji ya namna hiyo hujifia yenyewe kwa umri, joto na unyevu, huku sumaku na koili vikiwa vizima. Sukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, polepole. Ikienda na kurudi bila kukwaruza, koili haijapinda. Pete za kubadilisha zinauzwa. Nunua ya raba badala ya sponji, itavumilia zaidi huko kisiwani. Futa gundi ya zamani yote, weka pete, na kabla gundi mpya haijashika hakikisha karatasi imekaa katikati. Iache ilale hadi kesho yake. Ukiwa na haraka, kazi hii mpe mwingine.

SWALI: Nina Land Rover ya mwaka 1962, niko Sengerema. Nimenunua amplifaya, kijana aliyekuja kuifunga kaunga kama kawaida ikatoa moshi. Dukani wanasema ni kosa langu. Kosa ni la nani?

JIBU: Kosa ni la aliyeunga bila kupima. Land Rover za miaka hiyo zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Zilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Funua boneti uangalie ni waya upi wa betri umefungwa kwenye chuma cha gari. Kama ni wa chanya, amplifaya yoyote ya leo utakayoiunga kwa mazoea itafuata njia ya ile ya kwanza.

Una mambo mawili ya kuchagua. Tumia spika ya simu yenye betri yake, uiweke kwenye kisanduku cha dashibodi, gari lisiguswe. Au mtafute fundi umeme mtu mzima, anayejua dainamo (mashine ya kuchaji betri ya enzi hizo, kabla ya altaneta), aligeuze gari zima liwe la hasi kwenye bodi: betri ageuze, waya za koili ya kuwashia injini abadilishe, mita ya ampia ageuze, na dainamo aipe umeme kidogo ikumbuke upande mpya kabla ya kuwasha injini. Akikuambia dainamo haihitaji hatua hiyo, mshukuru, mlipe soda yake, utafute mwingine.