Picha zilizo ndani ya barua pepe: namna ya kuzihifadhi kwenye kompyuta

Dada, picha za harusi unazosema hazina alama ya kupakua zimebandikwa katikati ya maandishi, hazikuambatishwa chini kama faili. Zinatoka bila shida.

Kama unasoma kwa Gmail kwenye kivinjari, weka mshale juu ya picha, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuhifadhi picha. Ipe jina la maana hapo hapo, maana majina zinayokuja nayo hayakusaidii kitu baadaye.

Kwa kuwa zako ni nyingi, kuzichukua moja moja kutakuchosha. Ukiwa na ile Outlook ya zamani ya kusakinisha kwenye Windows, fungua barua hiyo, nenda kwenye menyu ya Faili, chagua Hifadhi Kama, na aina ya faili iwe HTML. Utapata ukurasa pamoja na folda yenye picha zote. Picha moja ikitokea mara mbili humo, linganisha ukubwa na ubakie na iliyo kubwa.

Tafadhali usipige picha ya skrini. Unabaki na ukubwa wa kile unachokiona tu, na ukienda kuisafisha studio itatoka na ukungu. Na hata ukihifadhi vizuri, kama aliyetuma alizipunguza kabla ya kutuma, ubora uliopotea haurudi. Mwombe azitume upya kama viambatisho, au aziweke Google Drive akupe kiungo.