Kinyume cha "old" ni nini? Na hizo PDF za mia mbili wachaneni nazo

SWALI: Habari yako mwalimu. Kijana wangu ako gredi ya 5. Aliulizwa kinyume cha "old" akaandika "new", akawekewa kosa, ati jibu ni "young". Kwa "hot" akaandika "not hot", kosa tena. Kuna mtu anauza PDF ya opposites 1,000 kwa mia mbili, nimnunulie akariri? – Mama B, Kayole

JIBU: Mama B, hiyo mia mbili nunua unga.

Hizo PDF nimetumiwa na wazazi sijui mara ngapi, na zote ni zile zile, old – new, light – heavy, right – left, kila neno na mwenzake kama soksi. Hapo ndipo shida ya kijana wako imeanzia, na nashuku hata mwalimu wake alisahihisha na charti ya aina hiyo. Neno likiwa peke yake halina kinyume, linakipata likishakaa na kitu. "Old man", kinyume ni "young". "Old shoes", ni "new". Sisi kwa Kiswahili tuna mzee na tuna kuukuu, hakuna mtu atasema kiatu ni mzee, lakini Mwingereza amerundika yote kwa neno moja. Kwa hivyo kama swali lilikuwa "old" tupu bila sentensi, kijana hakukosa, aliyetunga swali ndiye alikosa. Nenda ukadai hiyo alama, kwa heshima lakini.

Ya "not hot" hapo alikosa kweli. Chai ya asubuhi kwa thermos, ikifika saa nane si moto tena lakini pia si baridi, ni vuguvugu. "Hot" na "cold" ni ncha mbili za ngazi na katikati kuna vidato vingi, ndio maana unaweza kusema "very hot", "a bit hot". Kutokuwa huku hakumaanishi uko kule. Linganisha na "dead" na "alive", hapo hakuna katikati, kuku akishachinjwa amekufa, huwezi sema amekufa kiasi. Kwa aina hiyo ndio "not" inafanya kazi, ukisema "not alive" umeshasema "dead".

Halafu kuna ile inayosumbua Nairobi yote, "buy" na "sell", "lend" na "borrow". Hapa hakuna kukataa chochote, ni tukio moja linatazamwa kutoka pande mbili, wewe ukiuza kuna mtu ananunua saa hiyo hiyo. Sasa "borrow me your pen" tunaitoa wapi? Kwa kuazima. Kwa Kiswahili nikikwambia niazime kalamu, wewe ndio unatoa, nikisema nimeazima kalamu, mimi ndio nimepewa, kitenzi ni kile kile. Kiingereza kimetenga, anayetoa ana "lend", anayepokea ana "borrow". Mtoto akielewa hilo hahitaji kukariri.

Lakini kinachonichemsha ni hawa wa Kiingereza kwa siku 30, wanaofundisha ati weka "un" ama "in" mbele ya neno umepata kinyume. Hiyo "un" yenyewe ina kazi mbili. Kwa "unhappy" inakataa, kwa "untie" inatendua, kama vile funga inakuwa fungua. Ndio maana "unlockable" ni kitu hakifungiki ama ni kitu kinaweza kufunguliwa, utajua kwa sentensi tu. Kuna msichana nilimfundisha, bosi wake wa zamani alimwandikia barua ya sifa, "she was invaluable to us", akaificha miezi na miezi akiomba kazi bila hiyo barua, akidhani ametukanwa kuwa hana thamani, kumbe ameambiwa thamani yake haikadiriki!

Na hiyo ni hasara ya kazi tu. Kuna siku nilipita kwa fundi wa rangi Kariobangi, amekalia mtungi wa thinner umeandikwa "INFLAMMABLE" kwa herufi nyekundu, na sigara mkononi. Nikamwambia mzee utalipuka. Akanicheka, akaniambia mwalimu wewe soma vizuri, "flammable" ni ya kushika moto, hii iko na "in", haishiki. Alifundishwa hivyo tuisheni, na alilipa. Hiyo "in" ni ya Kilatini na haikatai kitu, iko ndani ya kitenzi chenyewe cha kuwasha moto, "inflammable" na "flammable" maana ni moja, zote zinawaka. Wamarekani wa usalama wa moto ndio walianza kusukuma "flammable" karne ya 20 kwa sababu watu walikuwa wanachanganyikiwa hivyo hivyo, lakini mitungi ya zamani bado iko kila mahali na herufi zake nyekundu.

Fundi alizima sigara mwishowe. Alizimia kwa ubavu wa mtungi.