Eti chanjo ya shuleni inafunga kizazi?

SWALI: Dada, za kazi? Mi nakaanga mihogo hapa Ngamiani, Tanga. Binti yangu ana miaka 13, juzi karudi shule anasema manesi watakuja kuwachoma chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Basi mtaani kila mtu na lake, huyu anasema inafunga kizazi, yule anasema ni ya wasichana walioanza wanaume, sasa wangu hata bado, achomwe ya nini? Siku hiyo nimzuie asiende? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Usimzuie mama, aende. Tena hiyo ya kwamba bado hajaanza ndo sababu yenyewe ya kumchanja sa hivi, maana saratani hii karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, watu wanaambukizana kwa kujamiiana, na chanjo inakizuia kisiingie, ila kikishaingia haikitoi. Ndo maana wanalenga wa miaka 9 hadi 14.

Kufunga kizazi ni uzushi. Chanjo ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, enzi hizo dozi mbili, tangu 2024 ni moja tu na hulipii hata mia. Wale wa mwanzo washakuwa wanawake wazima, wengine wana watoto wao. Kinachomfanya mtu atolewe kizazi ni hiyo saratani mnayoiacha mkaogopa sindano!

Ila haizuii mimba, wala UKIMWI, kaswende au gono. Hayo inabidi asikie nyumbani, na najua kwetu Tanga mama haongei mambo hayo na mwanawe, kuna somo, yule kungwi wa kumfunda binti, lakini somo mwenyewe siku hizi anaitwa harusi ikishapangwa na mtoto kashaona kila kitu kwenye simu ya rafiki yake. Ukiona haya muombe shangazi yake, au muende naye zahanati aongee na nesi. Na hili la hela usiliruke, mtoto anayetembea kwa mguu mpaka shule anapewa lifti ya bodaboda leo, kesho chipsi, keshokutwa anadaiwa, ajue kabisa kwamba mtu mzima akimtaka au akimshika aje akwambie na hatapigwa. Akijua atapigwa hasemi, na anayemsumbua analijua hilo vizuri tu.

Na wewe je? Kama una miaka 30 hadi 50 kapime mlango wa kizazi, wanapaka siki nyepesi wanaangalia, dakika chache umemaliza. Kama unaishi na VVU usingoje miaka 30, kaulize kliniki yako.

Siku ya chanjo asiende na njaa, anywe chai na huo muhogo wako, wengi wanaoanguka ni woga na tumbo tupu. Akishachomwa akae dakika 15 hivi kabla ya kuondoka, mkono utauma siku moja mbili, pengine na kahoma kidogo.