Muziki wa mezani: kwa msimulizi anayeanza hapa Mwanza

Kabla hujashika simu kutafuta muziki wa kusindikiza mchezo wenu wa mezani, ule wa kusimuliana kisa huku kila mtu akiigiza mhusika wake, nenda ukakae kwenye chumba mtakachochezea, saa ileile mtakayochezea, uzime kila kitu na usikilize. Mji wetu umejengwa kwenye vilima vya mawe, na sauti inapanda. Ukiwa Bugarika, spika ya baa iliyo bondeni inaingia hadi sebuleni. Kwingine ni bodaboda, mkesha wa maombi, au jenereta la jirani. Huo ndio muziki wako wa kwanza, na hauna kitufe cha kuzimia. Chochote utakachochagua kitaongezeka juu yake. Chumba chenye kelele kinataka muziki mdogo, na wakati mwingine hakitaki kabisa.

Tangu Dungeons & Dragons itoke Marekani mwaka 1974, michezo ya aina hii imekuwa ikiendeshwa kwa mdomo: msimulizi anaeleza, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua. Kwa hiyo muziki wowote unaoweka unagombea masikio yaleyale unayoyahitaji wewe. Usiuchague kwa sababu unaupenda. Uchague kwa sababu unakuachia nafasi ya kusema. Kipimo changu ni rahisi: mtu arushe dadu upande wa mbali wa meza. Usipoisikia ikigonga ubao, punguza sauti.

Nyimbo zenye maneno ya Kiswahili ziache. Bongo Fleva ikianza, kuna mtu atamalizia kiitikio huku wewe unaeleza mlango wa pango ulivyo. Taarab ni mbaya zaidi, maana imetungwa ili watu wasikilize mafumbo, na wasikilizaji wazuri hawawezi kujizuia. Hata wimbo uliopigwa kwa vyombo vitupu haujasalimika kama watu wanaujua: weka kinanda kikipiga wimbo maarufu wa kwaya, uone kama meza nzima haitaanza kuuvumisha kwa pua. Muziki wa filamu waliyoiona wote nao una shida hiyo, kwa sababu wataiona filamu badala ya kisa chako. Tafuta usiojulikana.

Halafu angalia vyombo. Simu za zamani zilipitisha masafa ya kati ya herzi 300 na 3400 hivi, na maneno yalieleweka vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachofanya maneno yaeleweke iko humo. Fidla na filimbi vinaimba humohumo, tena vinavuta sauti bila kupumua. Ndiyo maana unajikuta unapaza sauti bila kujua sababu. Vyombo vya kudonolewa vina adabu zaidi: noti inalia, inafifia, wewe unapita katikati. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi 8, inafaa sana ikipigwa bila kuimbiwa. Ilimba ya Wagogo, ile ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, vilevile. Udi ukipigwa peke yake taratibu unatosha kabisa kwa mandhari ya soko au mji wa pwani.

Besi nzito ya chini ndiyo isiyogombana na mdomo, lakini spika ya simu haiwezi kuitoa. Ngoma kubwa kwenye simu inabaki kugongagonga tu. Azima spika ya bluetooth, hata ndogo. Iweke mbali nawe, nyuma ya wachezaji, ikitazama ukuta. Ikikaa pembeni yako utashindana nayo usiku kucha.

Sasa mapigano, ambako wengi wanakimbilia ngoma kali. Kwenye Dungeons & Dragons raundi moja ni sekunde 6 ndani ya kisa, lakini mezani, kila mtu akifikiria zamu yake na kujumlisha namba, inaweza kula dakika kumi. Muziki unasema “kimbia”, wakati mezani mtu anatafuta penseli. Baada ya muda mfupi masikio yanachoka na hofu inaisha. Weka ngoma kali mwanzoni tu, adui anapotokea, kisha ishushe pole pole wakati zamu zinazunguka. Irudishe adui akikaribia kuanguka.

Ngoma za kwetu usizichukulie kuwa mapambo. Bugobogobo ni ngoma ya majembe: mdundo wake unaenda na mikono inayolima, na kazi yake ni kuisukuma. Iweke chini ya kikao cha wazee wanaojadili amani, na wachezaji watakata maneno haraka bila kujua nani kawasukuma. Iweke wakati wanajenga boma kabla giza halijaingia, hapo imefika kwake.

Na kuna wakati wa kuzima. Ukiendesha kisa cha Shing'weng'we, lile zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua, usilitafutie muziki wa kutisha. Kila mtu aliyekulia huku amemsikia kwa bibi yake, na bibi hakuwa na spika. Cheza muziki wa kawaida wa kijiji kwa muda mrefu kiasi cha watu kuusahau, halafu uukate katikati ya sentensi yako. Watainua vichwa kabla hujasema kitu. Hila hii inafanya kazi mara moja kwa usiku. Ya pili watacheka.

Mvua ikipiga bati, usishindane nayo. Zima muziki, sema kwamba ndani ya kisa nako ziwani kumechafuka, waache wapange mipango yao kwa kupiga kelele.

Mengine ni ya kiufundi. Pakua muziki mapema kwa bando la usiku, maana tangazo la kubeti likiingia katikati ya mazishi ya mhusika, mazishi yamekwisha. Weka simu kwenye hali ya ndege, lakini washa bluetooth. Chaji spika, umeme wetu unaujua. Chagua vipande virefu, au vinavyojirudia bila mshono kusikika. Wimbo wa dakika tatu unabadilisha hali ya chumba wakati hujaomba. Orodha tatu zinatosha kuanzia, na uzipe majina ya hisia badala ya mahali: “tuko salama”, “kuna kitu”, “kimetokea”. Msitu unaweza kuwa yote matatu. Mkirekodi vikao na kuviweka hadharani, tumia muziki wenye leseni huria, kama mwingi wa mtunzi Kevin MacLeod, na mtaje jina lake kama leseni inavyodai.

Kubonyeza nako ni kazi, na wewe una mikono miwili tu, mmoja una dadu. Mkabidhi simu mchezaji mmoja, mkubaliane ishara. Anayefaa zaidi ni yule ambaye mhusika wake ameshakufa: hana zamu, hana haraka, na amenuna kiasi cha kupenda kuwatisha wenzake.