Maswali ya Wasomaji: Kusikiliza Uimbaji wa Karnataki

Nitakuwa Chennai mwishoni mwa Desemba, nami nimealikwa kwenye onyesho la uimbaji wa Karnataki (muziki wa jadi wa kusini mwa India) litakalochukua muda wa saa tatu. Sijui Kitelugu wala Kitamil. Nitajuaje kinachoendelea?

Lugha isikutie hofu. Nyimbo nyingi ni za Kitelugu na Kisanskriti, na ukumbini kuna Watamil wengi wanaofuata mahadhi kuliko maneno. Cha kujua ni mpangilio. Ule unaotumika leo ulienezwa na mwimbaji Ariyakudi Ramanuja Iyengar (1890–1967). Kwanza huja varnam, wimbo wa kupasha sauti moto, kisha kriti (nyimbo za ibada) kadhaa fupi, halafu wimbo mkuu. Baada yake ni vipande vyepesi, na mwisho mangalam, wimbo wa kufungia, mara nyingi katika raga (mfumo wa noti unaojenga mahadhi) ya Saurashtra.

Wimbo mkuu utautambua kwa alapana ndefu. Mridangam, ngoma ya nyuso mbili, inanyamaza, mwimbaji anaichambua raga polepole bila mapigo wala maneno ya wimbo, kisha mpiga fidla anapokea na kufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Alapana fupi hutangulia hata nyimbo ndogo, kwa hiyo angalia urefu. Wimbo ukishaimbwa hufuata niraval: mstari mmoja tu unarudiwarudiwa, mahadhi yakibadilika kila mara huku maneno yakibaki mahali pake katika tala (mzunguko wa mapigo). Kisha kalpana swaram, yaani majina ya noti, sa, ri, ga, ma, yanayoimbwa kwa kutungwa papo hapo. Haya mawili ndiyo hupima ufundi, maana hayakuandikwa popote.

Watu wanapiga paja na kuhesabu vidole. Nikijaribu, mizunguko miwili tu nimeshapotea. Nakosea wapi?

Anza na Adi, tala utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Ina mapigo 8. La 1, piga kiganja pajani. La 2, gusa paja kwa kidole cha mwisho. La 3, cha pete. La 4, cha kati. La 5, kiganja. La 6, geuza kiganja kielekee juu. La 7, kiganja tena. La 8, geuza. Umerudi mwanzo.

Wanaopotea karibu wote hufanya kosa moja: wanaufuata mdomo wa mwimbaji. Nyimbo nyingi hazianzi kwenye pigo la 1. Maneno huingia nusu pigo baadaye, au pigo moja na nusu, na mahali hapo pa kuingilia huitwa eduppu. Ukilazimisha kofi lako liangukie neno la kwanza, mzunguko mzima umehama. Keti mahali unapoweza kuuona mkono wa mwimbaji, fuata mkono huo, maneno yaache yaje yenyewe. Kosa la pili huja nyimbo za mwendo wa taratibu zikianza: kila pigo huhesabiwa mara mbili (kiganja mara mbili, kidole cha mwisho mara mbili, na kuendelea), mzunguko ukawa na hesabu 16. Anayehesabu 8 anadhani mwimbaji amechelewa.

Misra chapu, tala nyingine, ni mapigo 7, yaani 3 na 4. Hiyo piga makofi tu, vidole havihusiki. Na upige kimyakimya, tafadhali. Paja lako si mridangam.

Wimbo mkuu ulipofika katikati, waimbaji walinyamaza, ngoma zikabaki peke yake, na watu wakaanza kutoka. Onyesho lilikuwa limeisha?

Halikuwa limeisha. Hiyo ni tani avartanam, zamu ya wapiga ngoma, na waliotoka wengi wao walikuwa wakielekea kantini. Kwa maoni yetu wanajidhulumu. Mridangam na ghatam (chungu cha udongo) hupokezana kwa vipande virefu, kisha vifupi zaidi na zaidi, mpaka wanapiga pamoja. Mwishoni huja korvai, mpangilio wa mapigo unaorudiwa mara tatu, nao hutua sawasawa kwenye eduppu, mwimbaji anapouchukua mstari wake. Kama umeshika tala tangu mwanzo, utausikia mtuo huo ukija. Kama hukushika, ni kelele tamu tu.

Mpiga mridangam hugonga ukingo wa ngoma yake kwa jiwe kati ya nyimbo. Kuna kilichoharibika?

Anasawazisha sauti. Uso wa kulia, wenye doa jeusi, lazima ulingane na sa, noti ya msingi, ya mwimbaji, na ngozi hulegea au kukaza kadiri hewa inavyobadilika. Kugonga ukingo kuelekea chini kunakaza ngozi na kupandisha sauti. Kugonga kutoka chini kunaishusha. Uso wa kushoto hubandikwa rojo la semolina kabla ya onyesho ili utoe mlio mzito. Rojo hilo likikauka mlio hubadilika, kwa hiyo usishangae ukimwona analilowesha katikati ya onyesho.